Virejeshi na Masharti ya Kiingereza: Niliyojifunza Nikifundisha na Kuhariri

Kwa miaka mingi nimekuwa nikifanya kazi mbili zinazotegemeana: kuwafundisha watu wazima Kiingereza cha kuandikia, na kuhariri barua, ripoti na mikataba iliyoandikwa kwa Kiingereza na watu wanaofikiri kwa Kiswahili. Katika kazi zote mbili nimeona kwamba makosa hayatawanyiki ovyo. Mengi hurundikana mahali pawili, yaani kwenye vishazi rejeshi (vipande vya sentensi vinavyoeleza nomino, kama “nilichonunua” katika “kitabu nilichonunua”) na kwenye sentensi za masharti, na karibu kila mara kosa lenyewe lina mantiki timamu, kwa kuwa ni kanuni ya Kiswahili iliyohamishwa kama ilivyo. Vitabu vya sarufi hutenga sura moja kwa virejeshi na nyingine, mbali kabisa, kwa masharti. Mimi nimekuja kuamini kwamba kwa msemaji wa Kiswahili sura hizo mbili zinapaswa kusomwa pamoja, na sababu yake itaonekana huko mbele.

Katika Kiswahili, urejeshi huweza kubebwa na kitenzi chenyewe. Tunasema “anayesoma”, “asomaye”, “asiyesoma” au “ambaye anasoma”, na katika kila umbo kiambishi cha urejeshi kinapatana na ngeli ya nomino inayorejelewa, hata msikilizaji hapotei: kitabu kinaita “-cho-”, barua inaita “-yo-”, watu wanaita “-o-”. Zaidi ya hapo, lugha yetu inaturuhusu kuitaja yambwa, yaani kile kinachotendewa, mara ya pili kwa kiambishi chake, kwa hiyo “kitabu nilichokinunua kiko mezani” ni sentensi safi kabisa, yenye “-cho-” na “-ki-” zikielekea kitabu kile kile. Hapo ndipo inapozaliwa sentensi ambayo nimeisahihisha kuliko nyingine yoyote: “The book which I bought it is on the table.” Ile “it” ni “-ki-” ya Kiswahili inayodai nafasi yake.

Kumwambia mwanafunzi afute “it” hakumfikishi mbali, kwa sababu kesho ataiandika tena. Kinachomsaidia ni kurudi nyuma hadi kwenye sentensi mbili zilizounganishwa, “The book is on the table” na “I bought it”, kisha kumwonyesha kwamba katika kuziunganisha ile “it” yenyewe ndiyo iliyogeuka kuwa “which” na kuhamia mbele. Baada ya “bought” pamebaki nafasi tupu, na Kiingereza kinadai ibaki tupu. Huwaomba wanafunzi waweke kistari kwa penseli mahali hapo, katika kila kishazi rejeshi wanachokiandika au kukisoma, mpaka jicho lizoee kukitafuta kistari hicho bila penseli. Zoezi hili linaonekana la kitoto, na baadhi ya watu wazima hulidharau siku ya kwanza. Lakini katika kufundisha kwangu sijapata jingine linalofanya kazi haraka kama hilo.

Jirani ya nafasi hiyo tupu mara nyingi kuna kihusishi, yaani neno kama “with”, “on” au “to”, nacho husahauliwa. Sisi tuna kauli ya kutendea, ambayo huficha kihusishi ndani ya kitenzi: “kisu nilichokatia kamba”, “kiti nilichokalia”, “mtu niliyemwandikia”. Hakuna neno linalosimama peke yake kubeba maana ya “kwa”, “juu ya” au “kwenda kwa”. Mwanafunzi akihamisha muundo huo atapata “the knife I cut the rope” na “the chair I sat”, na msomaji wa Kiingereza atabaki akingoja neno ambalo haliji. Ni lazima kiandikwe “the knife I cut the rope with”, “the chair I sat on”, “the person I wrote to”. Wako wanaoogopa kumaliza kishazi kwa kihusishi kwa sababu waliwahi kuambiwa kwamba ni kosa. Si kosa. Ukitaka urasmi zaidi, waweza kukipeleka mbele na kuandika “the knife with which I cut the rope”, ila uchague moja. Ukikiweka mbele na nyuma kwa pamoja, unarudi kwenye ugonjwa ule ule wa kutaja jambo mara mbili.

Umiliki nao hufuata njia hiyo. Kiswahili husema “mtu ambaye gari lake liliibwa”, na kwa hiyo wengi huandika “the man who his car was stolen”. Kiingereza kimeunganisha “who” na “his” kuwa neno moja, “whose”, ambalo hutumika pia kwa vitu, kama katika “a word whose meaning has changed”. Jambo hili halihitaji maelezo marefu. Linahitaji mazoezi tu.

Ugumu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, hauko katika kuandika bali katika kusoma. Kiingereza kinaruhusu kiwakilishi rejeshi kiachwe kabisa pale ambapo kinarejelea yambwa, na kuacha huko hakuachi dalili yoyote isipokuwa mpangilio wa maneno. Sentensi kama “The decision the board reached worried the staff” huwasimamisha wasomaji wazuri, kwa sababu wanakutana na nomino mbili zimebanana, “the decision the board”, bila mkato wala “and” katikati. Nimewazoesha wanafunzi wangu kulichukulia tukio hilo kuwa ishara: ukiona nomino mbili zenye vibainishi vyake (maneno kama “the”) zimekaa namna hiyo, na haziorodheshwi, fungua mlango wa kishazi rejeshi kisichotajwa na utafute kitenzi chake, kisha utafute kitenzi kikuu kinachofuata. Hapa bodi ndiyo iliyofikia uamuzi, na uamuzi ndio uliowatia wafanyakazi wasiwasi. Kwa upande wa kuandika, kanuni ni fupi: kiwakilishi huachwa tu ikiwa baada yake kuna kiima kingine, yaani mtenda wa kitenzi. “The book I bought” ni sahihi kwa sababu ya ile “I”. “The man lives next door is a doctor” si sahihi, kwa kuwa “who” aliyeondolewa ndiye aliyekuwa kiima.

Kuna aina nyingine ya ufupisho inayopotosha hata wenye lugha yao. Mwanaisimu wa Marekani Thomas Bever, katika andiko la mwaka 1970, alitoa mfano ambao hadi leo hutajwa katika masomo ya saikolojia ya lugha: “The horse raced past the barn fell.” Msomaji huchukua “raced” kuwa kitenzi kikuu, anaiona sentensi imekamilika kwenye “barn”, kisha anagongana na “fell” na hajui aiweke wapi. Maana yake ni kwamba farasi aliyekimbizwa kupita ghalani alianguka. Ninaupenda mfano huu kwa sababu Kiswahili hakiwezi kuuzalisha: “alikimbia” na “aliyekimbizwa” ni maumbo mawili tofauti kabisa, na hakuna anayeweza kuyachanganya. Katika Kiingereza umbo la kitenzi cha wakati uliopita na lile la kitenzi cha kutendewa mara nyingi hufanana, na uamuzi unabaki kwa msomaji. Sentensi za kawaida za ripoti zimejaa ufupisho wa aina hii, kama “the applicants interviewed last week have been informed”, na mtu anayezisoma haraka huweza kudhani kwamba waombaji ndio waliohoji.

Sasa mkato. Linganisha “The passengers who had visas were allowed in” na “The passengers, who had visas, were allowed in.” Katika ya kwanza, kishazi kinabagua: wapo abiria waliokuwa na viza na wapo ambao hawakuwa nazo, na walioruhusiwa ni wale wa kwanza tu. Katika ya pili, kishazi kinaongeza habari: abiria wote waliruhusiwa, na tunaelezwa kwa kupita kwamba wote walikuwa na viza. Kiswahili kinaweza kuonyesha tofauti hii kwa mkato na kwa “ambao”, na waandishi makini hufanya hivyo, lakini mara nyingi tunauachia muktadha. Kiingereza cha kuandika hakiuachii. Ninapohariri, sikubali kugusa mkato wa namna hii kabla ya kumuuliza mwandishi swali moja: wako wangapi unaowazungumzia, wote au baadhi? Anayeandika “my brother who is a teacher” anamfanya msomaji adhani kwamba ana ndugu wengine wasio walimu, na ikiwa ndugu ni huyo mmoja, mikato miwili inahitajika.

Kutokana na hapo watu huniuliza kuhusu “that” na “which”. Kanuni isiyobishaniwa ni kwamba “that” haitumiki katika kishazi kinachoongeza habari baada ya mkato. Kanuni ya pili, inayosema kwamba “which” isitumike kamwe katika kishazi kinachobagua, ni pendekezo zaidi kuliko sheria; H. W. Fowler aliipendekeza katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, huku akikiri kwamba waandishi wengi hawakuifuata, na wahariri wa Marekani wakaja kuishika kwa nguvu kuliko wenzao wa Uingereza. Matumizi yenyewe yamekuwa yakihama kwa karne nyingi. Katika tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, sala ya Bwana inamwita Mungu kwa “which”, mahali ambapo leo kila mtu angeandika “who”. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika “the report which you sent”, mimi huiacha ilivyo na kuutumia muda wetu kwenye mkato, ambao ukikosewa hubadilisha maana.

Daraja la kutuvusha kutoka kwenye virejeshi hadi kwenye masharti limo ndani ya Kiswahili chenyewe, nalo ni “-po-”. Kiambishi hiki ni kirejeshi cha mahali na wakati, kama katika “nilipofika” na “atakapofika”. Lakini ukikikanusha, kinageuka kuwa sharti: “asipofika” ni hali ya kutofika ambayo bado haijulikani kama itatokea. Mzungumzaji wetu anavuka kutoka wakati kwenda sharti bila kubadilisha kiambishi. Vivyo hivyo “-ki-”: “akifika, mpe barua hii” inaweza kusemwa na mtu mwenye hakika kwamba mgeni atafika, na pia na mtu asiye na hakika yoyote. Kiingereza kinamlazimisha achague. “When he arrives” ni ahadi kwamba atafika. “If he arrives” ni shaka.

Nimewahi kuhariri maandishi ambamo chaguo hilo lilikuwa na uzito mkubwa, hasa wosia. Mtu anayeandika kwa Kiswahili “nikifa, nyumba hii iwe ya wanangu” hana shaka kuhusu kufa kwake. Akitafsiriwa kwa “if I die”, maneno yake yanaanza kusikika kana kwamba anazungumzia hatari fulani ya pekee, labda safari au upasuaji, na kwamba akiinusurika, maagizo hayana nguvu. Ndiyo maana Kiingereza cha wosia hupenda kusema “on my death” au “when I die”. Kwa upande wa pili, “tukipata fedha, tutaendelea na mradi” mara nyingi ni shaka halisi, na kuiandika kwa “when” ni kumwahidi mfadhili jambo ambalo mwandishi hakulikusudia. Hakuna kanuni ya umbo inayoweza kuamua hapa. Ni lazima mtafsiri ajue mambo yenyewe, au aulize.

Umbo “atakapofika” lina mtego wake, kwa kuwa limebeba wakati ujao waziwazi. Ndiyo asili ya “when he will arrive” na, kwa mfano huo huo, “if he will come tomorrow”. Kiingereza huuweka wakati ujao katika kishazi kikuu tu: “When he arrives, I will call you.” Kuna nafasi ambayo “will” hukaa kihalali baada ya “if”, nayo ni pale inapoeleza utayari, kama katika “if you will wait here, I will fetch the file”, ambayo ni ombi la adabu. Wanafunzi wa mwanzo sipendi kuwaonyesha nafasi hiyo mapema, kwa sababu huitumia kama ruhusa ya kila kitu.

Shuleni wengi wetu tulifundishwa masharti ya Kiingereza kwa namba: aina ya sufuri, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Namba hizo zinafaa kwa mtihani, lakini nimekutana na watu wengi wanaozikariri bila kosa na bado wanaandika “If I would have time, I would help you.” Chanzo si uzembe. Kiswahili huweka “-nge-” pande zote mbili, “ningekuwa na nafasi ningekusaidia”, na mwanafunzi amekwisha kukubaliana moyoni kwamba “-nge-” ni “would”. Katika Kiingereza sanifu cha kuandika, “would” hukaa upande wa matokeo, na upande wa sharti huchukua kitenzi cha wakati uliopita: “If I had time, I would help you.” Kinachowachanganya watu ni kwamba “had” hii haizungumzii jana. Inazungumzia leo, lakini leo iliyowekwa mbali na uhalisi. Wakati uliopita hapa ni kipimo cha umbali kati ya msemaji na ukweli, na mtu akilielewa hilo ataelewa pia kwa nini husemwa “I wish I knew” kwa jambo la sasa, na “it is time we left” kwa jambo ambalo hata halijafanyika.

Kwa hiyo siku hizi sianzi na namba. Naanza na swali: msemaji anaiona hali hii iko wapi? Ikiwa bado iko wazi, tunatumia wakati uliopo na “will”. Ikiwa anaiona si ya kweli sasa au ni ya mbali sana, tunarudi hatua moja nyuma, kwenye wakati uliopita na “would”. Ikiwa nafasi yake imekwisha kupita na haiwezi kubadilishwa, tunarudi hatua ya pili, kwenye “had” pamoja na kitenzi timilifu, na “would have” upande wa pili. Pande mbili za sentensi si lazima zirudi hatua sawa. “If I had studied medicine, I would be a doctor now” ina sharti la zamani na tokeo la leo, na hakuna ubaya wowote. Wanaofundishwa kwa namba ndio wanaoiona kuwa sentensi mbovu.

Hatua hiyo ya pili ndiyo inayotutesa zaidi, kwa sababu sarufi yetu sanifu hutofautisha “-nge-” na “-ngali-”, lakini katika mazungumzo na hata katika maandishi mengi “-nge-” hutumika kwa yote mawili. Mtu husema “wangepata taarifa mapema wangeondoka” akizungumzia watu ambao hawakuondoka, na msikilizaji anaelewa kwa muktadha. Akiandika “If they got the information early, they would leave”, msomaji wa Kiingereza anaelewa kwamba watu hao bado wako mahali fulani na wanaweza bado kuondoka. Katika taarifa ya tukio tofauti hiyo ni kubwa mno. Ushauri ninaoutoa ni kuiandika sentensi ya Kiswahili kwanza kwa “-ngali-” au “-nge-” kwa uangalifu wa kale, “wangalipata, wangaliondoka”, kisha ndipo mtu ahamie Kiingereza.

Neno “unless” lastahili uangalifu wake. Limebeba ukanushi ndani yake, kama “-sipo-”, kwa hiyo “unless he does not come” humaanisha kinyume cha alichokusudia mwandishi aliyetaka kusema “asipokuja”. Mahali pake katika sentensi nako kuna uzito. Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano ya Kanada iliamua mgogoro kati ya kampuni za Rogers na Aliant kuhusu mkataba wa matumizi ya nguzo za kupitishia nyaya. Mkataba ulisema ungedumu miaka 5, na baada ya hapo kwa vipindi vingine vya miaka 5, kisha ukafuata mkato na kishazi kilichoanza na “unless”, kuhusu kuuvunja kwa notisi ya mwaka 1. Mamlaka iliona kwamba, kwa sababu ya mkato huo, sharti liligusa sehemu zote mbili, kwa hiyo mkataba ungeweza kuvunjwa hata ndani ya ile miaka 5 ya kwanza. Mwaka 2007 uamuzi huo ulibatilishwa, na nakala ya Kifaransa ya mkataba, ambayo haikuwa na utata huo, ndiyo iliyotegemewa. Tangu niujue mkasa huu, kila sharti refu katika mkataba ninaouhariri hulivunja kuwa sentensi mbili ikiwezekana, hata kama mwandishi ananiona mwoga.

Si kila “if” ni sharti la kweli. Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford, katika mhadhara wa mwaka 1956, alitoa mfano wa mtu anayesema kwamba biskuti ziko kabatini ikiwa unazitaka. Biskuti ziko pale hata usipozitaka. Sisi tunayo matumizi hayo hayo: “ukinihitaji, nipo ofisini”, na kwa bahati nzuri hapa lugha mbili zinakwenda pamoja, kwa hiyo sijapata kuona mwanafunzi akikosea.

Yanayobaki ni maumbo yanayoificha “if” yenyewe. Barua rasmi hupenda kuandika “should you require further information”, “were the committee to refuse” na “had we known”, ambapo kitenzi kisaidizi kimetangulizwa na “if” imeondoka. Msomaji asiyezoea hudhani kwamba anaulizwa swali, na nimeona watu wakilijibu. Alama ya kuulizia haipo mwishoni, na kishazi kikuu kinafuata baada ya mkato. Hayo mawili yanatosha kuutambua muundo. Katika mazungumzo kuna kificho kingine, kwa kuwa “had” na “would” zote hufupishwa kuwa “'d”, na “if I'd known, I'd have told him” ina mbili zisizofanana. Tazama kinachofuata: ile ya kwanza inafuatwa na “known”, umbo timilifu, kwa hiyo ni “had”, ya pili inafuatwa na “have”, umbo la msingi, kwa hiyo ni “would”.